Mti na Mwenye Kuutunza

Hotuba iliyotolewa mbele ya Usharika katika juma la kumbukumbu ya miaka 100

 

Kamati ya Jubilei iliniandikia barua ikanipa kichwa cha habari, nacho ni “Miti na Sisi”. Nilipokisoma nilitabasamu, kwa maana nazijua habari za nyumbani hata nikiwa mbali. Ninajua kwamba katika ramani ya ukumbi mpya ile miembe mitatu iliyo mbele ya kanisa imetiwa alama ya kukatwa, na kwamba Halmashauri ya Usharika imekwisha kulikalia jambo hilo mara mbili bila kukubaliana. Sikuitwa kuamua, wala sina kura. Ila mimi ni mtoto wa usharika huu, nilifundishwa kipaimara chini ya mwembe ule wa kati, na utumishi wangu kwa sehemu kubwa nimeufanya pwani ya kusini, Kilwa na Lindi. Huko Walutheri tu wachache, wengi wetu walimu, wauguzi, askari na watumishi wa serikali waliohamishiwa kazi. Basi mchungaji mwenye washarika wachache hupata nafasi ya kukaa barazani na wazee wa mahali na kuwasikiliza. Mengi nitakayowaambia leo nimejifunza kwa wazee hao, ambao karibu wote ni Waislamu.

Jambo la kwanza lililonishangaza pwani ni namna watu wanavyolitaja shamba. Bara mtu akiulizwa ukubwa wa shamba lake atasema ekari. Kule mzee atakuambia ana minazi arobaini upande wa bahari na mikorosho sitini juu ya kilima. Shamba ni miti. Miti hurithiwa, hugawanywa kwa watoto, huwekwa rehani mtu anapopatwa na shida, na yawezekana ardhi ikawa ya mmoja na mti uliosimama juu yake ukawa wa mwingine. Ndiyo maana mgeni anayeomba mahali pa kulima hupewa kwa moyo mweupe: atapanda mtama, atapanda mihogo na ufuta, wala hakuna atakayemwuliza neno. Lakini akionekana anachimba shimo la mnazi au la mkorosho, wazee watamjia siku hiyo hiyo. Mihogo hung'olewa, na aliyeipanda huondoka. Mwenye kupanda mti wa kudumu amesema kwamba yeye na wanawe hawaondoki tena.

Hata watu wa serikali hulijua jambo hili. Mthamini anapokuja kwa ajili ya fidia, kama walivyokuja Likong'o katika Manispaa ya Lindi kupisha mradi wa gesi asilia, huhesabu miti mmoja mmoja na kuuliza umri wake. Jedwali lake lina bei ya mkorosho mchanga na bei ya mkorosho uzaao. Sijaona jedwali lenye safu ya kuandika kwamba kitovu cha mtoto fulani kilizikwa chini ya mnazi huu. Desturi hiyo ingalipo katika nyumba nyingi za pwani. Jirani yangu mmoja, mzee aliyeniita “Padri” miaka yote mpaka nikaacha kumsahihisha, alinionyesha mnazi uliopinda karibu na kisima chake akaniambia kwamba ule ni umri wake. Hakusema ni mti wake, alisema ni umri wake.

Nataka sasa niwasimulie habari ya korosho, kwa sababu ndani yake mna fundisho ambalo halina budi kusikiwa na kila anayepanga kuhamisha watu au kuhamisha miti. Mkorosho si mti wa asili ya kwetu. Uliletwa na Wareno kutoka Brazili, ukaipenda ardhi ya kichanga ya Lindi na Mtwara kana kwamba uliumbwa kwa ajili yake. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani zipatazo 145,000 za korosho ghafi, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi za mbele duniani kwa zao hilo. Zaidi kidogo ya miaka kumi baadaye, msimu wa 1986/87, zilipatikana chini ya tani 20,000. Wapendwa, miti ile haikung'olewa. Ilikuwa imesimama pale pale.

Ni nini kilichotokea? Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wa nchi nzima walikusanywa katika vijiji, na nia yake ilikuwa shule, zahanati na maji viwe karibu na kila mtu. Nia hiyo sitaibeza, maana mimi mwenyewe nimesoma katika shule ya namna hiyo. Lakini mikorosho haikuweza kuhama. Ilibaki mashambani, mwendo wa saa mbili au tatu kutoka kijiji kipya, na mkorosho ni mti unaotaka mguu wa mwenyewe. Korosho haichumwi juu ya mti: huanguka chini na kuokotwa. Pasipopaliliwa kabla ya msimu, korosho huanguka katika majani marefu na kupotelea humo. Majani yakikauka huja moto, na moto ukipita chini ya mkorosho mzee wenye matawi yaliyolala chini, mti huo huungua kama kuni. Wazee walinisimulia jinsi walivyokuwa wakiondoka alfajiri kwenda kuipalilia mikorosho yao na kurudi usiku. Mwaka wa kwanza walikwenda, mwaka wa pili walikwenda wenye nguvu, na mwaka wa tatu njia yenyewe ilikuwa imeota nyasi. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hulikausha ua kabla halijashika korosho, na bei nayo ikawa ndogo kiasi kwamba mtu hakuona sababu ya kupigana na ugonjwa huo.

Wataalamu hubishana ni ipi kati ya sababu hizo ilikuwa kubwa, na mimi si mtaalamu. Lakini naona ya kwanza iliwafungulia mlango zile nyingine. Mti ulioachwa na mwenyewe hauna wa kuona jani lake la kwanza likibadilika rangi. Hali ilipotengenea katika miaka ya 1990, ilitengenea kwa unga wa salfa na kwa kazi nzuri ya watafiti wa Naliendele, Mtwara, waliofundisha namna ya kuipulizia mikorosho na waliotoa miche bora. Lakini pia watu walikuwa wamekwisha kurudi kwenye mashamba yao ya zamani. Salfa haijipulizi yenyewe.

Mtasema: korosho ni fedha, kila mtu hutunza kilicho na fedha. Haya, tuutazame mpingo, ambao una fedha nyingi kuliko mkorosho, na ambao kwa muda mrefu haukuwa na wa kuutunza.

Wengi wenu mnaujua mpingo kwa vinyago vya Wamakonde. Mti wenyewe ukiuona porini Kilwa hutaudhania kuwa ndio. Ni mfupi, umepinda, una miiba, na gamba lake ni la kijivu. Ukikatwa huonekana ukingo mwembamba wa rangi ya maziwa, na ndani yake moyo mweusi, mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini huzama. Katika moyo huo mafundi wa Ulaya hutengeneza klarineti, oboe na zumari za Waskoti. Huenda baadhi ya ala za kupuliza tulizozisikia katika nyimbo za Kilutheri kutoka Ujerumani zilikatwa katika misitu ya Kilwa. Lakini mti huo huchukua miaka sabini hadi mia moja kufikia unene wa kufaa kukatwa. Ni urefu wa jubilei yetu hii. Anayeuona mche wake leo hatauona umekomaa, na yawezekana hata mtoto wake asiuone.

Zamani magogo yalikuwa yakipita mbele ya nyumba za wanakijiji juu ya malori, mengine kwa kibali na mengine usiku pasipo kibali, na kijiji kilikuwa hakipati kitu cha maana. Ukimwuliza mzee wa kijiji msitu ni wa nani, angekujibu ni wa serikali. Na kilicho cha serikali, moto ukikifikia, kila mtu alijua si juu yake kuuzima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliufungua mlango mwingine. Kijiji kikiupima msitu wake, kikaandika mpango wa kuutunza na kuchagua kamati ya maliasili, basi msitu huo huwa msitu wa hifadhi wa kijiji, na mapato ya miti inayovunwa humo ni ya kijiji. Katika Wilaya ya Kilwa kazi hiyo ilisaidiwa na shirika la MCDI lenye makao yake Kilwa Masoko. Mwaka 2009 misitu ya vijijini huko ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachomthibitishia mnunuzi kwamba mti umevunwa kwa haki na kwa kiasi. Kilikuwa cheti cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanajamii wenyewe, na mwaka huo huo kijiji cha Kikole kilivuna mpingo wake wa kwanza chini ya cheti hicho.

Fedha zilizopatikana vijijini zimejenga na kuchimba visima, na hilo ni jema. Lakini lililonigusa mimi ni namna watu walivyobadili maneno. Nilimsikia kijana wa doria, mwenye baiskeli na panga, akisema “mpingo wetu ule wa bondeni”. Anaujua mmoja mmoja! Kila mti utakaokatwa hupimwa na kutiwa alama, na iliyo myembamba huachwa kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa. Tena wamejifunza kuchoma nyasi mapema, mara baada ya masika, zingali na ubichi, ili moto mkali wa mwezi wa tisa ukija usikute cha kula. Mpingo haupandwi sana. Hata wanaojaribu kuupanda hawana hakika ya kuvuna. Kazi yote ni kuulinda mche ulioota wenyewe. Sijui kazi nyingine iliyo karibu zaidi na ya mwalimu wa Shule ya Jumapili.

Sisemi kwamba kila kijiji kimefaulu. Penye fedha pana kamati, na penye kamati pana maneno. Hayo hata sisi wa kanisani tunayajua. Mkaa nao ungali unachomwa, na mashamba ya ufuta yanaingia msituni mwaka hadi mwaka. Lakini mwenye kuibiwa mti sasa anajua kwamba ameibiwa.

Kuna mti mwingine wa Kilwa ambao hauna fedha hata kidogo. Wataalamu huuita Karomia gigas, nao ni wa ukoo mmoja na mrehani, ingawa huinuka juu kama mvule. Ulijulikana kwanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1970, ukakatwa, ukadhaniwa umekwisha duniani. Mwaka 1993 ukaonekana katika msitu mmoja Wilaya ya Kilwa, kisha ukapotea machoni mwa wataalamu mpaka mwaka 2011, walipoikuta miti michache ya kuhesabika kwa vidole. Watu wa mahali walipewa kazi ya kuiangalia mpaka izae, kwa kuwa mbegu zake huliwa na wadudu na kuharibiwa na ukungu kabla hazijakomaa. Mwaka 2018 mbegu zilipelekwa katika bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, na baadhi zikaota. Wengi tunapita kando ya miti bila kuisalimu. Pale Kilwa yuko mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuutazama juu mti mmoja, siku baada ya siku.

Hata hivyo nisiwaimbie miti sifa tupu. Kilwa Kivinje pana mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga. Wajerumani waliwanyongea watu hapo, na miongoni mwao alikuwa Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana nao na kunyongwa mwaka 1895. Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri walikuwa wamefika Dar es Salaam mwaka 1887, miaka minane kabla ya kitanzi kile, na lugha yao ilikuwa moja na ya mnyongaji. Nimekwenda mahali hapo mara nyingi nikiwa nimevaa kola yangu, na sikuwahi kuondoka na moyo mwepesi. Mnaona, watu wa Kivinje hawakulibadili jina la mahali pale. Mwembe umebebeshwa kumbukumbu ambayo hakuna aliyethubutu kuiandika kwa wino katika siku zile.

Na sisi wenye elimu ya chuo cha theolojia tuna historia yetu na miti. Tulifundishwa kwa sifa kuu habari za Bonifasi, aliyeukata mwaloni wa mungu wa kipagani huko Geismar, Ujerumani, karibu na mwaka 723, akajenga kanisa kwa mbao zake. Miaka mingi niliihubiri habari hiyo kama ushindi. Nadhani inafaa kuihubiri pia pamoja na ile sheria ya Musa katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, inayowakataza Waisraeli kuikata miti ya matunda hata wanapouzingira mji wa adui. Kama mti wa adui ulikuwa na haki hiyo wakati wa vita, mwembe wa rafiki wakati wa jubilei una haki gani?

Niongeze jambo dogo kwa wapenzi wa Maandiko. Katika Mwanzo 21 Ibrahimu, mgeni katika nchi ya wengine, anapanda mti Beer-sheba baada ya kupatana na Abimeleki juu ya kisima. Neno la Kiebrania ni *eshel*, mti wa jangwani ambao kwetu haupo. Waliotafsiri Biblia yetu ya Muungano wakaandika “mkwaju”. Mtaalamu wa mimea atakunja uso, lakini mimi nawashukuru. Mzee wa pwani akisomewa habari hiyo huielewa kuliko profesa: mgeni aliyepanda mkwaju amekwisha kuacha kuwa mgeni.

Tena sisi Walutheri hupenda kumnukuu Baba Luther, kwamba hata angejua dunia inakwisha kesho, leo angepanda mti wa tofaa. Nasikitika kuwaambieni kwamba neno hilo halijapatikana katika maandishi yake yote. Maandishi ya kwanza yenye neno hilo yaliyopatikana ni ya mwaka 1944, katika barua ya kanisa huko Hessen, mabomu yakianguka. Nilipomweleza hayo jirani yangu yule wa mnazi uliopinda, alicheka sana. Akasema wao wanayo mafundisho ya Mtume yanayofanana na hayo, juu ya mtu aliyeshika mche mkononi Kiyama kinapofika, tena yao yana miaka mingi zaidi ya huyo Luther wenu. Sikuwa na la kujibu.

Sasa nirudi kwenye miembe mitatu. Nimepitia Kitabu cha Wabatizwa na kumbukumbu za Baraza la Wazee tangu mwanzo. Mna majina ya waliotoa mawe, waliotoa mabati, na aliyetoa kengele. Hamna jina la aliyeipanda miembe. Bibi zetu walituambia kwamba akina mama wa darasa la kwanza la ubatizo waliimwagilia kwa zamu, wakipanda na mitungi kutoka mtoni, miaka miwili mfululizo, kwa kuwa mahali hapa palikuwa pakavu na wamisionari walisema haitashika. Akina mama hao hawakuwa na mabati ya kutoa. Katika miaka mia moja iliyoandikwa kitabuni, miembe ile ndiyo saini yao peke yake.

Naelewa pia hoja ya Kamati ya Ujenzi. Watoto wamekuwa wengi, ukumbi wahitajika, na mwembe wa upande wa barabara una tawi lililooza ambalo siku moja litamwangukia mtu. Tawi hilo likatwe, tena lisingoje mvua. Kuhusu miti yenyewe, naomba mambo mawili tu kabla ya kura ya Jumamosi. Kwanza aitwe afisa misitu wa wilaya aipime, maana wengine wanasema mwembe wa kati una uwazi ndani na wengine wanakana, na hakuna aliyetazama. Pili fundi aulizwe gharama ya kuusogeza ukuta wa mashariki mita nne. Mwenyekiti wa Kamati ameniambia jana kwamba jambo hilo halijaulizwa bado. Na ikiwa baada ya hayo mmoja wapo hauna budi kukatwa, basi uandikwe katika kumbukumbu za Halmashauri pamoja na habari za akina mama wale, na mbao zake zisiuzwe.

Nimewaletea miche kumi na miwili ya mikwaju, ambayo mbegu zake zimetoka Kilwa. Iko nyuma ya sakristia, kivulini. Sitaki ipandwe na “Usharika”, kwa maana nimeona mingi iliyopandwa na Usharika siku za sherehe, na mbuzi wanaijua kuliko sisi. Kila mche una kibao cha mbao kisichoandikwa kitu, na Mwinjilisti ana rangi na brashi. Atakayechukua mche aandike jina lake mwenyewe. Imekaa njiani siku mbili ndani ya basi, na inahitaji maji jioni hii.